Alama Iliyofika Duarani

Mwaka nilioanza kazi ya herufi ulikuwa mwaka wa michembe. Mtu wa huku kwetu haniulizi zaidi ya hapo. Kwa wewe uliyezaliwa mjini, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama gome. Mwaka ule mvua ilitukataa. Mahindi tulikuwa tunayasikia kwa majina tu. Kila nyumba ilichemsha michembe asubuhi, ikapasha michembe mchana, na jioni mtoto akiuliza kuna nini anaambiwa kaa kimya ule. Wenye bahati walichanganya na karanga. Sisi wengine tulichanganya na maji. Ndipo mama akanifungia nguo zangu kwenye kanga, akanipeleka Shinyanga mjini kwa shangazi, aliyekuwa anauza uji karibu na stesheni ya reli.

Ninawaandikia nyie mnaochora nembo kwa kompyuta, ambao wengi mnanijua kama Bibi yake Hepi. Nimesoma mpaka darasa la nne, basi mkiona sentensi imekaa vibaya isukumeni wenyewe. Mkono wangu wa kulia siku hizi unatetemeka, burashi nimeiweka chini. Nilipata nini na nilipandishwa cheo wapi sitaandika. Pa kupanda palikuwa kwenye ngazi tu, na ngazi yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Jirani wa shangazi alikuwa Fundi Shomari, mzee wa Kiislamu, baba yake wa pwani, mama yake Mnyamwezi. Alikuwa anaandika vibao vya maduka barazani kwake. Asubuhi ya kwanza shangazi alinituma nimpelekee uji. Nikamkuta ameinama kwenye kibao cha bucha, amechovya burashi kwenye rangi nyekundu. Akavuta pumzi. Mkono ukashuka, ukapinda, ukapinda tena, ukanyanyuka. Pale palipokuwa na bati tupu pakasimama herufi S, nene tumboni, nyembamba mwishoni, inang'aa kama ini lililotolewa sasa hivi. Hakutumia rula. Hakurudia. Nilisimama na uji mpaka ukafanya utando juu.

"Binti," akasema bila kugeuka, "huo uji ni wangu au wa nzi?"

"Wako. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo unaijua?"

"Ni esi."

"Esi wanayo wote. Hiyo ni esi ya nyama. Ukiipeleka saluni, wanawake watakimbia na dawa kichwani."

Akaniuliza jina. Nikamwambia Kabula, kwa kuwa nilizaliwa mvua inanyesha. Akachukua chaki akaandika KABULA ukutani, kila herufi inanifika kiunoni. Jamani. Jina langu nilikuwa nimelizoea la kuitwa, na kuitwa kwenyewe mara nyingi kulikuwa kwa kutumwa maji. Kwenye daftari la shule lilikuwa dogo kama mchwa. Sikujua kwamba lina mabega. Nilikwenda nikaiegemea ile K, chaki ikanipaka gauni, na shangazi alinigombeza siku nzima. Sikumsikia.

Nilimsumbua yule mzee kila siku mpaka akachoka kunifukuza. Watu walimsema: msichana atafanya nini juu ya ngazi? Akawajibu kuwa ngazi haijalalamika.

Vyombo vyetu vilikuwa hivi. Kulikuwa na uzi uliopakwa chaki: mmoja anashika huku, mwingine kule, unauvuta katikati na kuuachia, pap, mstari umenyooka. Kulikuwa na fimbo yenye kitambaa kilichoviringishwa mwishoni, unaiegemeza kwenye kibao na kuweka kiganja juu yake ili mkono usiguse rangi mbichi. Burashi nzuri zilikuwa za kununua, lakini ile ya mistari myembamba Fundi aliitengeneza mwenyewe kwa nywele za ndani ya sikio la ng'ombe. Aliziomba machinjioni. Wachinjaji walidhani ni mganga.

Miandiko, ambayo nyie mnaiita fonti, yeye aliigawa kwa miguu. Zipo herufi zilizovaa viatu, zile zenye vijiti chini na juu. Hizo ni za wakili, za msikiti, za kanisa, za mtu anayetaka uvue kofia kabla hujaingia. Zipo herufi za pekupeku, hazina kitu mguuni. Hizo ni za zahanati na za choo, mahali ambapo mtu ana haraka na hataki urembo. Halafu zipo zinazoshikana mikono kama watoto wanaocheza. Hizo ni za saluni na za keki. "Kabla hujachagua," alikuwa ananiambia, "mtazame mwenye kibao anavyotembea." Nilidhani anatania. Nikaanza kuwatazama watu wanavyotembea na mpaka leo sijaacha. Ni jambo la ajabu mno. Kuna mtu ukimwona tu anavuka barabara unajua kabisa kwamba yeye ni wa viatu, hata kama amevaa ndala.

Kitu kingine alichonipa ni kugeuza. Kibao kikikaribia kuisha, alikipindua juu chini, akawasha sigara, akakitazama. Ukikisoma wima, akili inasoma neno na inasamehe makosa. Ukikipindua, neno linakufa, unabaki na maumbo, na lililokaa vibaya linajitokeza lenyewe kama jino bovu. Nimepindua vibao maisha yangu yote. Nimepindua hata picha ya harusi yangu. Tulikuwa tumekaa vizuri.

Fundi alipozidi kuzeeka alirudi kwa ndugu zake, akaniachia ile fimbo. Mimi nikaolewa Kahama, nikaweka baraza langu mtaani Nyasubi, nikaandika gesti, bucha, makanisa na mabodi ya malori. Wakati huo dhahabu ilikuwa imewachanganya watu vichwa. Vijana walikuwa wanatoka mashambani kwenda machimboni upande wa Geita, na waliorudi na chochote walitaka jina ukutani. Mmoja alitaka jina lake kwenye geti kabla hajajenga nyumba. Nilimwandikia. Geti lilisimama peke yake kiwanjani miaka, limevaa viatu.

Huko ndiko nilikojifunza kazi ya alama ya mtu. Machimboni mawe yakitoka chini yanagawanywa, kila mwenye fungu anajaza viroba vyake, vinapelekwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe. Pale kwenye banda viroba vya watu wote vinalala pamoja. Mlinzi hasomi jina. Vumbi ni zito na wengi hawajui kusoma. Anatazama alama iliyopakwa rangi, na mwenye alama ndiye mwenye mawe. Sasa mtu akinijia akisema nichoree alama, nilijua hanunui pambo. Ananikabidhi jasho lake.

Milembe alikuja msimu wa pamba, amebeba kuku. Mwanamke mrefu, mkavu, anatembea kama anayevuka mto. Mume wake alikuwa amekufa. Duara, yaani shimo lile alilokuwa anachimba na wenzake, lilikuwa limekwama kwa kukosa magogo ya kuzuia kuta zisianguke. Milembe alikuwa ameuza ng'ombe aliopewa na baba yake, mzee Ngasa, akanunua magogo, akawalisha wachimbaji ugali na dagaa mpaka mawe yakatoka. Wachimbaji wakamkatia fungu lake, mbele ya watu, yeye kama yeye. Watoto wake walikuwa wanakula na kusoma kwa fungu hilo.

Shida ilikuwa moja. Kwenye duara lile mwanamke hakanyagi. Wanaamini dhahabu inakimbia. Kuna kamba imefungwa mbali na mdomo wa shimo, mwanamke anaishia hapo.

"Mama Masanja," akaniambia, "mguu wangu haufiki pale. Nichoree kitu kitakachofika."

"Una kitu kichwani?"

"Sijui kusoma. Nataka tu kiwe mimi."

Nilianza kwa mkaa, nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji. M ya Milembe, N ya Ngasa. Niliziweka ubavu kwa ubavu, zikawa kama watu waliogombana kwenye basi. Nikazipandisha moja juu ya nyingine, zikawa mtu amebeba mtu. Nikaziunganisha zitumie mguu mmoja, ikapendeza, nikaona nimemaliza. Nikampa chai, nikaipindua karatasi kwa mazoea tu. Ile M ikawa W. Alama yote ikawa ya mtu mwingine.

Nikakaa chini. Kibao cha duka kinatundikwa, kina juu na chini. Kiroba kinatupwa. Kinaangukia tumbo, kinaangukia kichwa, kinasimamishwa miguu juu, na mlinzi hana muda wa kukizungusha. Nilikuwa namchorea huyu mama alama ya ukutani.

"Imeharibika?" Milembe akauliza.

"Ikianguka vibaya, siyo wewe."

"Basi hapana. Mimi nimeanguka vibaya mara nyingi na ni mimi tu."

Karatasi ya saruji ilikwisha, tukahamia mchangani kwa kijiti. Nikachora M, nikaigeuza nyingine na kuiweka chini yake, miguu ikutane na miguu. Zile ncha mbili za katikati, moja inashuka na nyingine inapanda, nikaziacha zigusane. Nikasogea nyuma. Nguzo mbili zimesimama, na katikati mikono miwili imepishana. Ukisimama upande huu ni hiyo. Ukizunguka ukasimama upande ule ni hiyo hiyo. Halafu nikaona kitu ambacho sikukichora kwa kukusudia. Nguzo mbili na mkono mmoja unaoshuka kutoka kushoto, ile ni N. Nilikuwa nimemwita Milembe, na baba yake akaja mwenyewe, bila kuitwa, akasimama ndani. Nimechora vitu vingi, lakini siku ile nilihisi kuna mkono mwingine umeshika kijiti pamoja nami.

Nilikuwa sijamweleza chochote. Milembe akainama, akatazama muda mrefu, akasema, "Hilo ni lango la zizi kwa baba." Akaniambia kwao walikuwa wanafunga zizi kwa miti miwili iliyopishana. Akaweka kiganja katikati ya zile nguzo, taratibu, kama anayemshika ndama. "Wabeja, mayu," akasema. Asante mama. Kuku alikuwa ametoroka na hatukumfuata.

Wenzangu, sikieni sehemu ya kazi. Alama ya kiroba sharti mchimbaji aweze kuirudia kwa kipande cha burashi, amechoka, mkono una matope. Lango lilikuwa mistari minne, basi. Rangi nzito, kwa sababu nyepesi inanywewa na vumbi. Kiolezo cha kupakia rangi nilikikata kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, siyo bati. Mpira unalala juu ya tumbo la kiroba, bati linabaki limekakamaa. Na zile pembetatu za kushoto na kulia ukizikata zote zinadondoka, unabaki na tobo. Nikaacha vidaraja vyembamba vya kuzishikilia. Ndiyo maana lango la Milembe lina mapengo madogo. Mtu akiliiga bila mapengo tunajua siyo lake.

Tulikwenda mimi na Milembe kuliangalia likifanya kazi. Tukasimama kwenye kamba na wanawake wengine wenye ndoo za maji na masufuria ya maandazi. Kule mbele, mahali ambapo mimi na Milembe hatukuruhusiwa kuweka hata kivuli, vijana walikuwa wanabeba viroba begani. Mgawaji, mwanamume mnene mwenye sauti ya mnada, alikuwa anaita alama kwa majina. "Jembe!" Mtu anaitika. "Macho mawili!" Mtu anaitika. Kisha nikaona nguzo zangu mbili zinanyanyuka pale kwenye mdomo wa shimo, zimelala kichwa chini juu ya mgongo wa kijana, zinasomeka vilevile.

"Lango!"

"Naam!" Milembe akaitika kutoka kwenye kamba, kwa sauti ambayo nadhani walioko chini waliisikia.

Wanaume wote waligeuka. Mmoja akapayuka, "Mama, dhahabu itakimbia!" Milembe akamjibu, "Ikikimbia itapita kwangu." Walicheka mpaka yule mgawaji akashika magoti. Mimi nililia, sisemi uongo. Mistari minne ya rangi nyekundu ilikuwa imetembea ikafika pale ambapo mwili wa mwenyewe ulikatazwa. Niliandika vibao vya watu wakubwa baada ya hapo na hakuna kilichowahi kunifanya nilie.

Miaka imekwenda. Hepi, mjukuu wangu, binti wa mwanangu Masanja, amefungua duka la kompyuta hapa hapa Nyasubi, na kiti changu kiko mlangoni. Ninajivunia mtoto yule mpaka majirani wamechoka. Mara ya kwanza aliponifungulia zile fonti zake, akawa anashusha na nyingine zinakuja, anashusha na nyingine zinakuja, nilimwambia simama kwanza nipumue. Ilikuwa kama kusimama zizini kwa tajiri jioni ng'ombe wanaingia na mlango haufungwi. Viatu vya kila aina. Pekupeku za kila aina. Zilizonona, zilizokonda, zilizolala ubavu. Nilitamani Fundi Shomari awe hai hata kwa dakika ya kunywa uji. Hepi anaweza kuipindua herufi kwa kidole kimoja. Na anaipindua, kwa sababu nimemfundisha.

Mwaka huu, mimi nikiwa nimeshaacha kazi, akaja Maduhu. Huyu ni shemeji yake Milembe, mdogo wa marehemu mumewe. Kanisalimia vizuri, kakaa, kasema amejenga karasha lake na anataka nembo, ya kwenye geti, kwenye fulana za vijana na kwenye viroba. Hepi akamuuliza anapenda mtindo gani. Maduhu akatoa simu, akaonyesha picha. Lango. Lango la Milembe, pamoja na mapengo yake.

"Nataka hii," akasema. "Imeshajulikana. Mnairembesha kidogo tu."

Hepi alikuwa mdogo wakati ule, hajui habari zote. "Bibi, hii ni kazi ya nusu kikombe cha chai," akaniambia, na mkono wake ukaanza kuvuta nguzo ya kwanza kwenye kioo.

Nikamshika mkono. Nikamwona Milembe kichwani mwangu, mzee sasa, bado anatuma viroba, bado hakanyagi kwenye mdomo wa shimo. Dereva anafika na mzigo wake, anaona lango limechorwa juu ya banda la Maduhu, anashusha pale. Nani atamlaumu? Alama ndiyo iliyomwelekeza. Mawe yakishasagwa hayana jina tena.

"Shemeji yako anajua?" nikamuuliza.

"Mama, yule ni mke wa kaka yangu. Alama ilikuja kipindi cha kaka. Ni ya ukoo."

"Kaka yako alikuwa kaburini nilipoichora."

"Si ndiyo hivyo, ameiacha."

Hepi akaangua kicheko, akaziba mdomo. Maduhu hakucheka. Akataja bei, na ilikuwa bei ya kufanya mtu akae vizuri kwenye kiti. Nikamwambia, "Hiyo ina mwenyewe. Sichori."

Akaondoka kwa adabu. Milembe nilimpigia simu hapo hapo, nikamweleza, naye akauliza, "Utawaweza, mayu? Wanajua kuja na watu."

Kweli alikuja na watu. Siku iliyofuata Maduhu alirudi na kaka yangu mkubwa, yule aliyebaki mahali pa baba, ambaye Maduhu ana ushirika naye wa ng'ombe. Kwetu mtu kama huyo humkatalii. Nilipiga magoti, nikamwamkia, akaitikia. Nikamletea maji ya kunawa, nikamletea ugali na samaki wa Chato, akala akashiba. Akafuta midomo.

"Kabula," akasema, "mdogo wangu. Mimi sijawahi kuja hapa kuomba. Ni mchoro tu. Mistari minne, ng'wanawane, mwanangu. Uliichora wewe, mkono ni wako. Utamnyima mtu mistari?"

Hepi alikuwa ameacha kuandika. Maduhu alikuwa anatazama kofia yake. Nilikuwa bado nimepiga magoti, beseni la kunawa mkononi. Kaka yangu alinibeba mgongoni mwaka wa michembe, miguu yangu iliposhindwa kwa njaa. Sikumwinulia macho, maana heshima yake ni yake.

"Kaka," nikasema, "hiyo ina mwenyewe. Sichori."